Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi

Swali la Jumapili hii linatoka kwa mfanyakazi mwenzetu mmoja. Yeye ana leseni ya silaha, na sehemu ya likizo yake huitumia kuwinda kwa kibali. Sasa anataka kubadilisha bunduki. Ameonyeshwa mbili zinazotumia risasi ya aina moja: ya kwanza ina uzito wa kilo 3, ya pili kilo 4. Kila aliyemwomba ushauri amemwambia achukue iliyo nyepesi, kwa kuwa mwindaji hutembea kutwa nzima. Naye auliza: je, kilo moja ni jambo la kutiwa maanani?

Dukani kilo moja si kitu. Lakini bunduki haitumiki dukani. Hutumika saa kumi ya jioni, mwenye nayo akiwa ametembea tangu alfajiri, jasho linamwingia machoni, na mnyama amesimama mbele yake kwa muda mfupi tu. Hapo ndipo uzito wa bunduki hutoa hukumu yake.

Tuanze na teke. Risasi inapokwenda mbele, bunduki hurudi nyuma na kulipiga bega. Bunduki nzito hurudi polepole, nyepesi hurudi kwa kasi. Kwa risasi ileile, ukitoka kwenye bunduki ya kilo 3 ukaenda kwenye ya kilo 4, nguvu ya teke hupungua kwa robo nzima. Robo hiyo si ndogo, maana bega lililopigwa halisahau. Mtu aliyeumizwa mara tatu au nne huanza kufumba macho na kukaza mwili kabla ya kuvuta kifyatuo. Mkono hushtuka, na risasi iliyokusudiwa moyoni hutua tumboni. Mnyama hukimbia na jeraha lake, akafa polepole kichakani asikoonekana. Na akiwa ni nyati, huenda asikimbie, bali akamngojea mwindaji kichakani.

Lakini tusikimbilie kununua chuma kizito. Mikono iliyochoka hutetemeka, na mtutu ukitetemeka risasi hupotea vilevile. Kwa hiyo wepesi uliopita kiasi na uzito uliopita kiasi humfikisha mwindaji kwenye kosa moja, nalo ni kumjeruhi mnyama bila kumwua. Ndiyo sababu wawindaji wengi wa swala na wanyama wa kadiri hiyo hutulia kwenye bunduki ya kilo tatu na nusu hadi 4, ikiwa na vyote vyake.

Nasema ikiwa na vyote vyake kwa makusudi. Muuzaji hutaja uzito wa bunduki tupu. Darubini na vishikizo vyake huweza kuongeza nusu kilo, kisha kuna mkanda wa begani na risasi zilizomo ndani. Bunduki ya kilo 3 ya dukani huingia porini ikiwa karibu na kilo 4. Basi ipime kama itakavyobebwa. Tena angalia uzito umekaa wapi. Ukiishika katikati, isikulemee kwa upande wa mtutu wala wa kitako. Bunduki iliyosawazika huchosha kidogo kuliko nyingine ya uzito uleule iliyoelemea mbele.

Historia ya nchi zetu ina fundisho katika jambo hili. Zamani za ukoloni, wawindaji matajiri kutoka Ulaya na Marekani walikuja na bunduki kubwa za mitutu miwili. Zile za risasi ya .577 zilikuwa na uzito wa kilo 6 hivi, na za .600 zilifikia kilo 7. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipofika Mombasa mwezi Aprili 1909 alikuwa na bunduki ya namna hiyo iliyotengenezwa na Holland & Holland, pamoja na nyingine nyepesi zaidi. Je, mabwana hao walichaguaje chuma kizito hivyo katika nchi ya jua kali? Jibu ni jepesi. Kwa sehemu kubwa ya safari bunduki hizo hazikuwa begani mwao. Alikuwapo Mwafrika aliyeajiriwa kubeba bunduki, aliyetembea nyuma ya bwana na kumpa silaha mnyama alipoonekana. Nyuma yake walifuata mapagazi, kila mmoja na mzigo wa kilo 27 hivi kichwani. Aliyechagua uzito hakuubeba, na aliyeubeba hakuulizwa.

Wakati huohuo alikuwapo Mskoti W. D. M. Bell, aliyejulikana kwa jina la Karamojo kwa sababu ya miaka aliyowinda Karamoja, Uganda. Aliua tembo zaidi ya 1,000 kwa ajili ya pembe zao, na kwa kazi hiyo hatumsifu. Lakini sehemu kubwa ya tembo hao aliwapiga kwa bunduki ndogo ya Rigby ya risasi ya .275, yenye kilo tatu na kitu tu. Aliipenda kwa wepesi wake na kwa teke lake dogo, naye alikuwa amejifunza kwa makini mahali ulipo ubongo wa tembo. Leo mtu asimwige, kwani sheria za nchi kadhaa za Afrika hazikubali risasi ndogo kuliko .375 kwa wanyama wa hatari. Lililobaki kwetu ni kwamba bunduki inayomfaa mwenyewe hupiga vizuri kuliko bunduki kubwa inayomtisha.

Basi mwenzetu afanye hivi. Achukue mpini wa jembe, aufungie chupa za maji mpaka jumla itimie kilo 4, kisha atie mkanda. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo hana haja ya mizani kubwa. Atembee nao shambani kwa saa mbili, majirani wacheke wakitaka. Mwishoni auinue begani, aelekeze ncha kwenye jani moja, ahesabu hadi 10. Ncha ikicheza, apunguze nusu lita na kurudia siku nyingine. Baadaye, katika uwanja halali wa shabaha, apige risasi 5 kwa bunduki anayoitaka. Ya tano ikimfumbisha macho, bunduki hiyo ni nyepesi mno kwa risasi hiyo. Na akishainunua, aifungie kabatini kwa kufuli, risasi zikae mbali nayo, na funguo zisionekane na watoto.

Jambo la mwisho linatuhusu hata sisi tusio na bunduki. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 na zaidi, yaani bunduki 5 za kilo 4. Katika nyumba nyingi mama au binti huibeba kichwani mara kadhaa kwa siku, na mwanamume anayehesabu gramu za darubini yake hajawahi kuuliza kama ni nzito. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenzetu akimaliza kutembea na mpini wake wa jembe, na aichukue ndoo hiyo aende nayo bombani. Nadhani akirudi atanunua madumu mawili madogo, na safari nyingine atakwenda mwenyewe.