UKURASA WA MALEZI: Kimetoka wapi?



Mwezi huu wengi mmetuuliza juu ya vijana wanaoharibika: wizi mdogomdogo, bangi, kupigana, kulala nje. Wengine wanasema, "Ni kambi ndiyo inaharibu batoto betu." Sisi walimu wa kujitolea tunashinda na watoto hao, na tunaona kambi si sababu peke yake. Tuangalie tatu.

Ya kwanza ni siku tupu. Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa kule Bukavu au Kamanyola anakuta huku masomo ni kwa Kiingereza. Ana miaka 15, anawekwa kalasi moja na watoto wa miaka 10. Anaona haya, anaacha shule, na kuanzia asubuhi hana la kufanya.

Ya pili ni ngumu kusema, lakini tuseme. Baba hana kazi tena, mama anangoja posho. Mpaka uko karibu: Kamembe na Bukavu zinaangaliana. Kijana anabeba mizigo sokoni au anavusha bidhaa kwa njia za panya, jioni analeta franga elfu moja. Mama anapika, tunakula, hakuna anayeuliza. Wiki ijayo analeta simu. Binti naye anakuja na mafuta mapya ya kujipaka na viatu, tunanyamaza vilevile. Tukishakula cha kwanza kimya, cha pili tutakikemea kwa mdomo gani?

Ya tatu ni watu wazima wanaowatafuta vijana. Tunakumbuka kadogo wa mwaka 1996 na 1997. Wengine walichukuliwa kwa nguvu, wengine walifuata ahadi ya pesa tu. Muuza bangi naye anaanza hivyohivyo: anampa mtoto chakula, anamsikiliza, kisha anamtuma.

Sasa tufanye nini nyumbani?

1. Tuulize kila siku: "Kimetoka wapi?" Tuulize kwa sauti ya kawaida, bila fimbo, maana mtoto anayeogopa fimbo anajifunza kudanganya. Kama ni cha wizi, mzazi aende na mtoto wakirudishe, hata kama usiku huo mtalala njaa. Tunajua hilo si dogo. Lakini mtoto akiona mama amekataa chakula cha wizi, hatasahau.

2. Tumpangie siku: maji, kuni, kujisomea, mpira, saa ya kurudi. Asiyerudi kwa saa yake, atafutwe usiku uleule.

3. Tumrudishe shule. Shule za Rwanda zinapokea watoto wa wakimbizi. Kukaa na wadogo mwaka mmoja au miwili si aibu, lugha inashikwa. Wazazi wasimcheke mbele ya wageni.

4. Tusimfukuze. Maibobo tuliowaona Bukavu, wengi wana wazazi walio hai. Walianza kulala nje siku moja kwa hasira ya baba, kisha wakazoea. Kemea kosa, lakini sahani yake ibaki.

5. Tujue sheria ya nchi hii. Katika Rwanda, mtoto anaweza kushtakiwa kuanzia miaka 14. Aliye chini ya miaka 18 anapunguziwa adhabu, lakini anaweza kufungwa, na kuna gereza la watoto kule Nyagatare. Bangi inahesabiwa kati ya dawa nzito kabisa. Mtu mzima anayeiuza anaweza kufungwa maisha. Mtoto anayetumwa kupeleka "kifurushi tu" aelezwe hayo leo, kabla hajakamatwa.

6. Jirani naye ni mzazi. Ukimwona mtoto wa mwenzako na watu usiowaelewa, mwambie mwenzako kwa upole, si kwa kumtangaza bombani. Na wewe ukiambiwa, usikasirike.

Familia zilizokimbia Bukavu mwezi wa sita 2004, na zilizokimbia 2025, zilibeba watoto kabla ya magodoro. Mzigo huo tusiutupe njiani. Leo jioni, kabla ya kulala, kila mzazi amuulize mtoto wake alishinda wapi na nani, na akae amsikilize mpaka amalize.

Mwezi ujao tutaongea juu ya watoto wanaoishi na walezi wasio wazazi wao. Mbaki salama.