Marafiki wa Machi 18

Marekani inapoadhimisha miaka 250 tangu ijitangazie uhuru Julai 1776, kimerudi kisa kinachonikera: eti London ilikuwa na kambi ya wapenda haki, William Pitt na Edmund Burke wakiwa mstari wa mbele, na wangesikilizwa, makoloni yasingeasi. Sikubali hata kidogo. Mwaka 1766 kambi hiyo ndiyo iliyoshika serikali, na walichokifanya kimeandikwa.

Ni kweli walijitokeza. Januari mwaka huo Pitt alisimama Bungeni akatamka wazi kwamba amefurahi kuona Wamarekani wameikataa Sheria ya Stempu, iliyowatoza kodi. Isaac Barré, askari aliyejeruhiwa usoni vitani Quebec, alikuwa amewatetea mwaka mmoja kabla. Mwaka 1770 miji ya New York na Charleston ilimsimamishia Pitt sanamu. Wanaosimulia kisa hiki huishia hapo.

Mimi naanzia Machi 18, 1766. Siku hiyo mfalme aliridhia sheria mbili za serikali ya Lord Rockingham, ambaye katibu wake alikuwa Burke. Ya kwanza ilifuta kodi ya stempu. Ya pili, Sheria ya Tamko, ilisema Bunge lina mamlaka ya kuwatungia watu wa makoloni sheria katika jambo lolote lile. Lolote! Hata mfano wake haukuwa mgeni: mwaka 1720 Bunge hilohilo lilikuwa limeiwekea Ireland sheria ya namna hiyo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kudai hakujua inakoelekea. Wamarekani waliachiwa fedha zao, na papo hapo ikaandikwa kwamba siku Bunge likizitaka tena, ni haki yake. Kilio chao kikuu hakikuwa ukubwa wa kodi. Walilalamika kwamba hawana mbunge hata mmoja katika Bunge linaloitoza, na neno hilo hasa ndilo marafiki zao walilolijibu kwa kulikataa.

Watetezi wao husema hiyo ilikuwa bei ya kupata kura. Labda, ingawa Bunge la Makabwela lilikubali kufuta stempu kwa kura 275 dhidi ya 167. Lakini Aprili 1774, Burke alipowasihi wenzake waachane na kodi ya chai, alikuwa bado anaitetea Sheria ya Tamko. Mamlaka yapo, alishikilia, ila busara ni kutoyatumia. Aliyelipa bei kwa shingo upande haendelei kuisifia bidhaa miaka minane baadaye.

Pitt na Lord Camden walipinga Bunge kuwa na haki ya kuwatoza kodi, na kwa hilo nawaheshimu. Katika Baraza la Malodi Camden alipata wenzake wanne tu; upande wa pili walikuwa 125. Hata hivyo, Pitt naye alishikilia kwamba Bunge linaweza kufunga biashara na viwanda vya makoloni litakavyo. Julai 1766 akawa kiongozi wa serikali, na Sheria ya Tamko ikabaki palepale. Mwaka 1767, yeye akiwa mgonjwa, waziri wake wa fedha Charles Townshend alitoza ushuru kwenye vioo, karatasi, rangi, madini ya risasi na chai. Na Barré? Mwaka 1774 aliunga mkono kufungwa kwa bandari ya Boston.

Huruma ya 1766 ilisukumwa sana na wafanyabiashara wa London, Bristol na Liverpool, ambao bidhaa zao zilikuwa zimesusiwa ng'ambo. Walipeleka maombi Bungeni kuokoa maduka yao. Hilo si kosa, lakini tusiliite kupigania haki ya Mmarekani.

Machi 1775 Burke alileta hoja ya suluhu. Hata siku hiyo aliliweka kando swali la haki ya kutoza kodi, akaomba lijadiliwe la manufaa tu. Alishindwa kwa kura 270 dhidi ya 78. Mwezi uliofuata risasi za kwanza za vita vya uhuru zililia Lexington, na Sheria ya Tamko ilikuwa bado inatumika.