Saruji Ikiadimika, Kibarua Ndiye Hulipa Kwanza

Saruji ilipoadimika Tanzania mwishoni mwa mwaka 2020, mjadala uligeuka kuwa wa bei tu. Mfuko wa kilo 50 uliokuwa ukiuzwa Sh14,000 hivi Dar es Salaam ulivuka Sh20,000 katika baadhi ya mikoa, na serikali ikawaagiza wakuu wa mikoa wafuatilie. Wajenzi walilalamika, wenye maduka wakajitetea. Saidia fundi, kibarua ambaye hanunui saruji, hakutajwa.

Na yeye ndiye anayeumia mapema zaidi, kwa sababu hulipwa kwa siku. Saruji isipofika saiti hakuna zege la kukoroga wala tofali la kupandisha, na hana mkataba wa kumlinda. Mwenye nyumba anaweza kusubiri miezi mitatu. Ukuta ulioishia kwenye linta hauli. Kibarua atakula nini jioni hiyo? Fundi mwashi akikosa kazi, wapiga plasta wanaomfuata nao hukosa, dereva wa lori la mchanga pia, hadi mama lishe aliyewakopesha wote ugali wa mchana.

Wanaotaka bei zidhibitiwe wana hoja: wapo wanaoficha mifuko wakisubiri ipande. Lakini amri haipiki klinka. Malighafi hiyo ya saruji huiva kwenye tanuri la joto la nyuzi 1,450 hivi, na tanuri lazima lizimwe mara kwa mara ili matofali yake ya ndani yabadilishwe. Kiwanda kilichojiwekea akiba ya klinka huendelea kusaga. Kisichonayo hupunguza uzalishaji. Matanuri mawili yakizimwa msimu mmoja, huku miradi mikubwa ikimeza saruji kama ilivyokuwa kwa reli ya kisasa na bwawa la Rufiji, mnunuzi wa mifuko kumi hubaki mkiani. Kuambiwa kwamba kiwanda cha Dangote cha Mtwara kina uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka hakumletei hata mmoja.

Serikali yenyewe ni mnunuzi mkubwa mno kujifanya mtazamaji. Oktoba 2021 ilizindua ujenzi wa madarasa 15,000 kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, yakamilike kabla ya shule kufunguliwa Januari. Watoto waliyahitaji, na mafundi wa vijijini walipata kazi kupitia fosi akaunti, utaratibu wa kutumia mafundi wa eneo husika badala ya makandarasi. Hilo nalipongeza kwa moyo wote. Ila oda ya ukubwa huo, nchi nzima, ndani ya miezi michache, lazima ilibane soko lilelile analolitegemea mjenzi wa kawaida.

Kwa hiyo ratiba za kuzima matanuri zitangazwe mapema, na oda za serikali zipangwe kwa awamu kuzifuata. Kisha mikataba ya miradi ya umma iwe na kifungu cha kumlipa kibarua sehemu ya ujira kwa siku ambazo kazi imesimama kwa kukosa vifaa. Fungu la dharura la mradi linaweza kubeba gharama hiyo. Mfuko wa kibarua hauwezi.