Kuzika siku moja, karatasi miezi mitatu

Mhariri,

Nimerudi mahakamani mchana huu, viatu sijavua.

Baba yangu alifariki miezi mitatu iliyopita. Sisi Waislamu hatulazi maiti: alikata roho alfajiri, alasiri tukamzika. Majirani hawakutuangusha. Kaburi lilichimbwa, sanda ikapatikana, turubai likafungwa, na mpaka leo sijui nani alilipa nini. Hospitalini nilikabidhiwa kibali cha mazishi pamoja na taarifa ya kifo. Taarifa hiyo niliitia mfukoni bila kuisoma, na kesho yake kanzu ikafuliwa nayo humo humo. Kosa langu, nakiri. Lakini hakuna aliyenidokeza kwamba karatasi ile ndiyo mama wa karatasi zote, kwamba bila yake hupati cheti cha kifo, na bila cheti marehemu wako kwa serikali bado yu hai.

Kupata nakala nyingine kulinila siku nyingi. Siku ya 16 nikafika ofisi ya wilaya, nikaambiwa nilete barua ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti kasafiri. Nikarudi na barua, mtandao hakuna. Nikarudi tena, afisa yuko semina. Nje kishoka ananicheka: "Mzee, mbona unajitesa?" Siku ya 34 nikamkuta afisa mezani, akahesabu kwa vidole, akasema: "Ndugu, sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Umechelewa." Nimechelewa vipi, nami nilikuwa nashinda kwenye benchi lake? Nikajaza fomu za waliochelewa, nikalipa, nikangoja.

Cheti kikatoka. Ukoo ukakaa kikao, ukanipendekeza niwe msimamizi wa mirathi, muhtasari ukasainiwa, nikaupeleka mahakama ya mwanzo. Leo karani kanipa jipya: mjane aje mwenyewe athibitishe. Mama yuko eda! Ni miezi minne na siku kumi, na hajaimaliza. Nikauliza kama kuna anayeweza kumfuata nyumbani akachukue maelezo yake. Nikajibiwa gari halina mafuta. Huku akiba ya baba imefungiwa benki, na ankara ya maji inakuja kila mwezi kwa jina lake. Kwenye kulipa, hakuna anayedai cheti.

Nisimsahau mheshimiwa. Msibani alishika kipaza sauti kabla hata jeneza halijatoka, akasema mlango wake uko wazi kwa familia. Nimempigia simu mara saba. Wanasiasa wetu hodari wa kusindikiza maiti, ila mfiwa akishasomewa hitma hawamjui tena. Tutaonana kwenye kampeni.

Ninachoomba si kikubwa. Hospitali ikikabidhi maiti, itoe na ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kueleweka: tunza taarifa hii, itolee nakala; andikisha kifo ndani ya siku 30; pitia kwanza serikali ya mtaa; ukoo ukae, uandike muhtasari; kisha mahakamani, na ukishateuliwa una miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni. Basi. Hayo yote nimeyaokota dirisha kwa dirisha, nauli kwa nauli, na kila dirisha lilikuwa linalijua la kwake tu. Sisi tunaopanga foleni tukiwa na majonzi ndio tunaotakiwa kuyajua yote.

Na wewe msomaji uliyefiwa wiki hii, pole sana. Kabla kanzu haijaingia kwenye beseni, pekua mfuko.

Mfiwa,
Tanga