Kiatu cha Mutombo na miguu yetu

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Adidas ilitoa kiatu cha basketi chenye jina la marehemu Dikembe Mutombo, mutoto wa Kinshasa, mita 2,18, aliyeingia Denver Nuggets mwaka 1991. Kilipambwa nakshi za Kiafrika. Kiatu cha muchezaji kinafuata kazi yake: kuruka, kutua, kugeuka.

Sisi ba migodi ya Kolwezi tunauliza: yetu inafuata kazi gani? Mawe, matope, asidi. Bengine bado banashuka mu mashimo na sandali. Sheria ya kazi ya 2002 inamulazimisha mwajiri kulinda usalama wetu. Botine yenye chuma mbele, namba ya mwenye kuvaa, si zawadi ya patro. Ndugu, botine isiyokuenea, usiisainie. Irudishe.