Saruji ya mgongo: ulizeni kabla ya kuuza ng'ombe

Bibi akiinua ndoo ya maji na mgongo ukaanza kumuuma asiweze kujigeuza kitandani, nyumba nyingi za Ufipa humwita mkandaji. Watoto walioko mjini nao hupiga simu: kuna saruji ya kuchomwa mgongoni, ng'ombe auzwe. Wazazi, ijueni kwanza tiba hiyo.

Saruji ya mifupa si ya fundi mwashi. Ni unga na kimiminika maalumu, huchanganywa chumba cha upasuaji kwa usafi mkubwa. Huanza kama uji, kisha huwa mzito kama dawa ya meno. Hapo ndipo daktari huiingiza kwa sindano nene kwenye pingili iliyopondeka, huku akiifuata kwa eksirei. Ikiwa nyepesi mno inaweza kuvuja kuelekea mishipa ya fahamu au mapafu. Akichelewa, inagandia ndani ya sindano. Chumba chenye joto huiharakisha kuganda, baridi huichelewesha. Ni kazi ya mtaalamu mwenye vifaa.

Tiba hii ilianza Ufaransa mwaka 1984. Lakini mwaka 2009 tafiti mbili zilionyesha kuwa wazee waliochomwa saruji hawakupata nafuu kuliko waliofanyiwa matibabu ya kuigiza yasiyo na saruji. Kwa wengi, maumivu hupungua ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa na kurudi kutembea taratibu.

Swali la kwanza basi ni hili: nini kimeuvunja mfupa? Unaweza kuwa umedhoofika kwa umri. Inaweza kuwa saratani. Kinaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, hasa akiwa na homa, jasho la usiku na kukonda. Kwenye kifua kikuu saruji haichomwi. Mgonjwa hutibiwa kwa dawa, na katika hospitali za serikali hutolewa bure.

Kwa hiyo msimkande. Mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sumbawanga, apimwe na kupigwa picha. Akihitaji bingwa ataandikiwa rufaa kwenda Mbeya, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam.

Miguu ikilegea au kufa ganzi, au mkojo ukimtoka bila kujua, msisubiri kesho. Mpelekeni siku hiyo hiyo.