Shahada ya Biokemia, Karo ya Chuo Binafsi na Wajibu wa Parokia

Kila mwaka barua za kujiunga na vyuo vikuu zinapotolewa, maparokia yetu nchini Kenya hupokea maombi ya harambee. Yamo ya vijana waliopata nafasi ya kusomea shahada ya biokemia katika vyuo vya binafsi. Maombi hayo tumeyazoea, ila hesabu yake imebadilika.

Kuanzia mwaka 2016 Serikali ilipanga baadhi ya wanafunzi wake katika vyuo vya binafsi na kuchangia karo yao. Mfumo mpya wa ufadhili, uliotangazwa mwaka 2023, uliufunga mlango huo kwa wanaoingia. Anayesoma katika chuo cha umma aweza kupata ruzuku pamoja na mkopo, kwa kadiri ya uhitaji wa familia yake. Mwenzake wa chuo cha binafsi amebakiziwa mkopo tu. Mwezi Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba, na shauri likafika Mahakama ya Rufani. Wazazi, hata hivyo, hawawezi kulipa karo kwa hukumu ya mahakama.

Nayo biokemia ni somo la gharama. (Sisi tuliosomea falsafa seminarini tulihitaji kiti na maktaba.) Kwa miaka minne mwanafunzi huyu ahitaji maabara, kemikali zinazokwisha na kununuliwa tena, na mashine za kupimia vimeng'enya na protini. Chuo kinachotoza karo ndogo kwa somo hili na kiulizwe maabara yake iko wapi.

Je, gharama hiyo ina faida kwetu? Waamini wa Kitui na Makueni wanaukumbuka mwaka 2004, ambapo mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 katika eneo lile. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala kuupika ugali hakuiondoi. Huigunduliwa kwa vipimo vya maabara, na ujuzi wa kuitambua na kueleza jinsi inavyoharibu ini ni wa biokemia.

Lakini tuwe wakweli kwa wazazi. Mama husikia neno "biokemia" akaelewa "daktari", na mara nyingine mchangishaji humwacha aelewe hivyo. Shahada hii si ya udaktari, wala si ile ya sayansi ya maabara za tiba, ambayo wahitimu wake husajiliwa na bodi yao ili wahudumu hospitalini. Kijana aulize habari za usajili kabla ya karo ya kwanza kulipwa.

Tamko la Mtaguso kuhusu elimu ya Kikristo, Gravissimum Educationis, la mwaka 1965, lataka vyuo vikuu vya Kikatoliki viwafungulie njia wanafunzi wenye vipaji walio na uwezo mdogo wa mali. Agizo hilo lavigusa vyuo vyetu wenyewe kabla ya kuigusa Serikali, na mabaraza ya vyuo hivyo yana haki ya kuulizwa na waamini ni viti vingapi vimetengwa kwa ajili ya maskini.

Kwa upande wa parokia, twaona harambee ya siku moja haitoshi. Hujaza kikapu cha muhula wa kwanza, watu wakapiga makofi, na mwaka wa pili kijana huzuiwa kufanya mtihani kwa sababu ya karo. Afadhali jumuiya ndogo ndogo zikubaliane mchango mdogo wa kila muhula, kwa miaka yote minne, chini ya kamati ya fedha ya parokia, na fedha zipelekwe moja kwa moja katika akaunti ya chuo.